Betri ya pili ndani ya miezi mitano: anza na njia ya umeme kurudi

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, nakaa Buhongwa. Kwa miezi mitano sasa umeme wa gari unanisumbua. Likilala usiku mmoja linawaka kwa tabu, likilala siku mbili stata inagonga tik tik tu. Usiku nikiwa kwenye foleni taa kubwa zinafifia, nikikanyaga mafuta zinapanda. Halafu kuna jambo la ajabu: mchana, taa zote zikiwa zimezimwa, nikikanyaga breki taa za deshibodi zinawaka kidogo. Fundi wa kwanza aliniuzia betri mpya ya N50, ikafa baada ya miezi mitatu, nikanunua nyingine. Wa pili akasema ninunue alteneta. Wa tatu alichomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma, haikuzima, akasema alteneta ni nzima, ila nyaya zote zifumuliwe zifungwe upya. Kila Jumamosi nabeba samaki na kayabo (samaki wa chumvi) kutoka Mwaloni, Kirumba, kwenda Sengerema, siwezi kukaa bila gari. Nifanye lipi?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na iliyonifanya nikae nikujibu kwa urefu ni ile habari ya breki na deshibodi. Umeiandika kama jambo la pembeni, kumbe ndiyo iliyonieleza mengi kuliko mengine yote. Usinunue kwanza alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Wala usimruhusu mtu afumue nyaya. Nyaya za Toyota za miaka ile zilifungwa vizuri kiwandani, na mtu akishazifumua gari halirudi kuwa lilivyokuwa. Nimeshapokea magari ya namna hiyo, nyaya zote zimekuwa rangi moja, viungo vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, na kulitafuta tatizo dogo kunachukua siku tatu badala ya saa moja.

Kwa maelezo yako naona una hitilafu tatu kwa pamoja. Ndiyo maana kila fundi ameshika kipande chake na hakuna aliyemaliza. Ya kwanza iko nyuma, kwenye taa. Ya pili iko mbele, kati ya alteneta, injini na betri. Ya tatu inafanya kazi usiku wewe ukiwa umelala. Sijaliona gari, kwa hiyo nitakupa na namna ya kupima, ili ukikuta nimekosea ujue mwenyewe.

Nianze na breki. Umeme unatoka betri kwa waya wa chanya, unafanya kazi kwenye taa, halafu ni lazima urudi kwenye hasi. Usiporudi, haukuenda. Kwenye gari hakuna waya mrefu wa kuurudisha, bodi lenyewe la chuma ndilo waya. Kila taa ina kiwaya kifupi kilichobanwa kwa boliti kwenye bodi, ndicho tunachokiita ethi. Gari likiwa jipya hakuna anayekikumbuka. Likipita robo karne, lililo bovu mara nyingi ni hilo la kurudi, na watu wanahangaika na la kwenda.

Sasa balbu ya nyuma ya Carina yako ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi wa wati 21 wa breki na uzi wa wati 5 wa taa ndogo. Zote mbili zinarudi kwa ethi moja. Ethi ikiwa nzima, ukikanyaga breki umeme unapita kwenye uzi mnene, unaingia kwenye bodi, kazi imekwisha. Ethi ikioza, umeme unafika mwisho wa uzi wa breki unakuta njia imezibwa. Hapo unapanda kinyumenyume kwenye uzi wa wati 5 na kuingia kwenye mzunguko wa taa ndogo. Mzunguko huohuo ndio unaolisha taa ya namba ya gari na taa za kumulika deshibodi. Basi nazo zinawaka, kwa unyonge, kwa sababu umeme umefika kwao umeshachoka. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari ukikanyaga breki: utaambiwa taa ya upande mmoja imefifia kuliko mwenzake. Upande huo ndio wa kufungua.

Na sababu umeitaja mwenyewe bila kujua: kayabo. Ziwa letu ni la maji baridi, magari ya hapa Mwanza hayaliwi na chumvi ya hewani kama ya Tanga au Dar es Salaam. Chumvi yetu tunaipakia sisi wenyewe kwenye buti. Niliwahi kuletewa Noah iliyokuwa ikibeba kayabo kila wiki, taa za nyuma zinafanya vituko kama vyako. Nilipofunua kapeti nyuma ya taa ya kushoto nilikuta maji mazito yametuama kwenye kishimo cha bodi, na boliti ya ethi imevaa unga wa kijani na mweupe, laini kama ukungu wa mkate. Nilipoizungusha kwa spana namba 10, kichwa kilibaki kwenye spana, shina likabaki ndani. Kiwaya chenyewe, kwa nje, ganda lake lilikuwa zima na jeupe. Nilipolichana kwa kisu, shaba ndani ilikuwa nyeusi sentimita kumi nzima kutoka mwisho. Mtu angeweza kuibana boliti mpya juu ya waya ule na asielewe kwa nini tatizo linaendelea.

Kwa hiyo usimwambie fundi "kaza ethi". Mwambie akate waya mpaka akute shaba inayong'aa, afunge kishikio kipya cha mviringo, akwangue bodi kwa msasa mpaka chuma kiwe cheupe, abane, kisha ndipo apake grisi juu ya kila kitu. Grisi inapakwa baada ya kubana, kuzuia unyevu. Afanye pande zote mbili hata kama upande mmoja bado unawaka vizuri. Aangalie pia soketi ya balbu yenyewe, kama ina kutu au imelegea. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na vifaa vyake havifiki bei ya chakula cha mchana.

Hitilafu hiyo ya nyuma, hata hivyo, siyo iliyoua betri zako. Twende mbele.

Nunua mita ndogo ya dijitali. Zipo kwenye maduka ya vifaa vya umeme mjini, na ya bei nafuu inatosha kabisa kwa kazi hii. Izungushe kwenye alama ya V yenye mstari ulionyooka na vidoti chini yake, kwenye namba 20. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha, na kila mara inapofikishwa hapo na kuachwa, bamba zake za ndani zinafanya ganda gumu ambalo chaja haiwezi kulitoa lote. Ndivyo betri mpya inavyokufa ndani ya miezi mitatu, na aliyekuuzia huenda hakukudanganya.

Washa gari, kanyaga mafuta kidogo, pima palepale. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Kisha washa kila kitu: taa kubwa, feni ya ndani, kifuta ukungu cha kioo cha nyuma. Namba ikishuka ikabaki juu ya 13.5 gari likiwa na mzunguko wa kutosha, hali si mbaya. Ikiporomoka kuelekea 12, ndiyo taa zako za kwenye foleni. Kushuka kidogo likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, ni kawaida, kwa sababu alteneta inayozunguka polepole haitoi uwezo wake wote. Gari la umri huo likiwa limewasha taa na kiyoyozi pale kwenye foleni ya kuingia mjini linakuwa linatumia karibu kila kinachozalishwa. Ila kufifia kwa kuonekana wazi, kila siku, siyo kawaida.

Hapo ndipo fundi wa pili alipokwambia alteneta. Anaweza kuwa sahihi, lakini hajafika. Kipimo kinachofuata ndicho wengi wanakiruka, nacho ndicho ninachokuomba ukifanye kuliko vyote.

Gari likiwa linawaka na vitu vyote vimewashwa, weka waya mweusi wa mita kwenye nguzo yenyewe ya hasi ya betri. Nguzo, si kichwa kilichoibana. Waya mwekundu uguse chuma kitupu cha injini, sehemu isiyo na rangi wala mafuta, boliti ya kushikia alteneta inafaa. Hapo unapima njia ya kurudi peke yake. Ikiwa nzima, mita itasoma karibu na sifuri, 0.05, au 0.1. Ikipita 0.2, umeme unapotelea njiani. Niliwahi kupima gari moja pale ikasoma 1.1. Maana yake alteneta ilikuwa inatoa 14.2 kwa uaminifu, betri inapokea 13.1 tu, haijai hata ukienda Musoma na kurudi. Mwenye gari lile alikuwa ameshabadilisha alteneta mara mbili.

Fanya hivyohivyo upande wa chanya: mwekundu kwenye boliti nene ya nyuma ya alteneta, mweusi kwenye nguzo ya chanya ya betri. Ikipita 0.3 kuna kichwa kilichooza, au boliti ya fyuzi kubwa ndani ya kile kisanduku cheusi chini ya boneti imelegea. Angalia mikono yako hapo: boliti hiyo nene ya nyuma ya alteneta ina moto muda wote, hata gari likiwa limezimwa, na ukiigusisha na injini kwa spana utaona cheche kama za kuchomelea.

Kama huna mita leo, ipo njia ya kienyeji ambayo si mbaya. Chukua waya mmoja wa kubusti. Bana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Washa gari usiku, elekeza taa ukutani. Mtu akiugusisha na kuuachanisha ule waya na injini huku wewe unaangalia ukuta, na mwanga unapanda na kushuka naye, umeshapata jibu. Jaribu na stata pia: ikiwa inagonga tik tik bila huo waya lakini inazunguka vizuri ukiwepo, kosa ni waya wa ethi wa injini.

Waya huo kwenye gari lako uko hivi. Kutoka hasi ya betri kuna waya mnene unaoshuka kwenye giaboksi, na tawi dogo linalobanwa kwenye bodi karibu na betri. Halafu kuna waya mwingine, mara nyingi wa kusuka usio na ganda, unaotoka kwenye injini kwenda ukuta wa nyuma ya injini. Injini inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo bila nyaya hizo injini ni kisiwa. Huo wa kusuka hukatika nyuzi moja moja kwa mtikisiko mpaka zinabaki chache. Kuna mafundi wa injini wanaoutoa wakati wa kushusha injini na kusahau kuurudisha, nimeshakuta injini nyingi hazina kabisa. Mwambie fundi wako auguse kwa mkono, asiutazame kwa mbali.

Vichwa vya betri vyenyewe usiviache. Kama vina unga mweupe, vimwagie maji ya moto ya birika polepole, futa, toa kichwa, kikwangue ndani kwa msasa mpaka king'ae, nguzo nayo ukwangue, kisha bana. Kila unapofungua betri anza na hasi, na kila unapofunga malizia na hasi. Sababu ni hii: ukianza na chanya na spana yako ikagusa bodi, umeziunganisha ncha mbili za betri kwa spana.

Mkanda wa alteneta sina mengi ya kusema. Ukilia asubuhi ya mvua, kaza au badilisha.

Sasa usiku. Gari linalowaka kwa tabu baada ya usiku mmoja na kukataa kabisa baada ya siku mbili lina kitu kinachokula. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya N50 ikiwa imejaa inabeba takribani ampea-saa 50, yaani kama ampea moja kwa saa 50. Ya kwako, kwa kuwa haijai, tuseme ina 25. Kitu kinachokula nusu ampea kwa saa 48 kimekula 24. Nusu ampea ni nini? Ni balbu moja ya wati 5, ile ndogo ya ndani ya buti.

Kwa hiyo anzia huko, hasa kwa kuwa buti lako linajazwa mizigo kila Jumamosi na kufungwa kwa nguvu. Washa kamera ya simu irekodi video, iweke ndani ya buti ikitazama ile balbu, funga buti kwa dakika moja. Fungua uangalie video. Kama balbu haikuzima, mwizi umempata bila hata bisibisi. Fanya hivyohivyo kwenye kile kikasha cha mbele ya abiria kama kina taa.

Kama balbu inazima, utahitaji mita na uvumilivu. Zima kila kitu, toa funguo, funga milango yote, au bonyeza swichi ya mlango mmoja uliouacha wazi na uibane kwa kitambaa ili gari lidhani umefungwa. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, zungusha mita kwenye 10A. Toa kichwa cha hasi, kisha unganisha mita kati ya nguzo ya hasi na kile kichwa, umeme wote wa gari upite ndani ya mita. Usithubutu kupiga stata hapo, wala kuwasha taa kubwa, mita itaungua. Subiri dakika ishirini. Gari la mwaka 1998 lisilo na alamu halipaswi kula zaidi ya ampea 0.05, na mara nyingi ni chini zaidi, maana ni kumbukumbu ya redio, saa na kompyuta ya injini tu. Ukiona 0.4 au 0.8, anza kuchomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita. Ukichomoa fyuzi na namba ikaanguka, mwizi yuko kwenye mzunguko wa fyuzi hiyo. Kifuniko cha kisanduku kina majina. Ile iliyoandikwa DOME ndiyo ninayoianza siku zote, kwa sababu kwenye Toyota nyingi za miaka ile inalisha taa za ndani, taa ya buti, saa na kumbukumbu ya redio.

Redio niizungumzie peke yake, kwa sababu ndiyo iliyonipa kazi nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye magari yaliyotoka Japani. Redio za Kijapani za wakati ule zinaanzia FM 76 na kuishia 90, kwa hiyo hazipati stesheni zetu nyingi. Watu wanafunga kile kiboksi kidogo cha kubadili masafa, au wananunua redio ya skrini. Redio ya kisasa ina waya wa njano, wa moto wa kudumu kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaotakiwa kupata moto funguo ikiwashwa tu. Mfungaji mwenye haraka anasokota njano na nyekundu pamoja kwenye moto wa kudumu. Redio inaonekana imezimwa, lakini ndani iko macho usiku kucha. Kile kiboksi nacho nimekikuta kimeungwa kwenye moto wa kudumu mara nyingi. Weka mkono chini ya deshibodi asubuhi kabla ya kuwasha gari, ukiona kiboksi kina joto kidogo, umeelewa.

Mkono huohuo upeleke kwenye alteneta. Asubuhi na mapema, gari likiwa limelala tangu jioni na injini ni baridi, gusa mgongo wa alteneta. Ikiwa na vuguvugu kuliko chuma kilichoizunguka, daiodi zake, zile zinazotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, zinavujisha, umeme wa betri unarudi ndani yake na kupotea kama joto. Hapo kweli alteneta ina kosa, hata kama mchana inachaji vizuri. Mita itakuthibitishia: ukichomoa fyuzi zote na bado inasoma ulaji mkubwa, zima mambo, toa hasi, ufungue waya mnene wa alteneta, uuzungushie kitambaa usiguse chuma, kisha upime tena. Ulaji ukikoma, ni yeye.

Enzi za kivuko cha Kigongo niliitwa mara nyingi foleni kwenda kubusti magari yaliyokaa milango wazi, muziki unapiga, jua linawaka. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 gari lako linavuka bila kuzimwa injini. Safari yako ya Jumamosi, kutoka Kirumba mpaka Sengerema bila kusimama, ingetosha kuipa betri chaji ya maana kila wiki. Kama inafika Sengerema haijapata chaji yoyote ya maana, basi njia ya kuchaji ndiyo yenye lawama, na kile kipimo cha injini kwa nguzo ya hasi kitakuonyesha.

Kuhusu fundi wa tatu, nakuomba kwa dhati: mtu yeyote asichomoe tena kichwa cha betri injini ikiwaka. Najua limekuwa desturi, nami nilifundishwa hivyo gereji nilipoanza kazi, kwenye magari yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka mara kadhaa ya kawaida kwa muda mfupi sana, na muda huo unatosha kuua regyuleta, kidhibiti cha volti za alteneta ambacho mafundi wanakiita katauti, au kompyuta ya injini. Na jibu lenyewe halina maana: injini kutozima kunaonyesha alteneta inatoa moto fulani, hakuonyeshi kama ni volti 13 au 17. Tangu siku ile kama umeona balbu zinaungua ovyo, au betri inatoa harufu ya yai bovu na maji yake yanapungua haraka, pima. Ikizidi 15, regyuleta imekufa, endesha moja kwa moja mpaka gereji. Au angalia kwanza soketi ndogo ya nyaya tatu nyuma ya alteneta: waya ulioandikwa S ndio unaoipelekea habari ya hali ya betri, na ukiwa na kutu unaiambia betri ina njaa wakati imeshiba, basi inazidi kumimina.

Vipimo vikisema alteneta kweli, usikimbilie ya mtumba, hujui imezunguka miaka mingapi. Nyingi za Toyota za umri huo zimechoka kaboni tu, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kaboni mpya hutokeza milimita 10.5, na ikifika 1.5 haigusi vizuri tena. Mwambie fundi aifungue mbele yako na akuonyeshe urefu. Kaboni, beringi na regyuleta vinabadilishwa kimoja kimoja, na mwili wa alteneta ya kiwandani ni bora kuliko nyingi zinazouzwa zimepakwa rangi mpya.

Betri uliyonayo usiitupe. Mpelekee mtu mwenye chaja aichaji polepole, ampea 4 au 5, usiku kucha, iache itulie saa chache, upime. Ikikaa 12.5 au zaidi, na ukipiga stata haishuki chini ya 10, bado ina maisha mbele yake. Ikishuka mpaka 8, imeharibika, na nasikitika kwa fedha yako, lakini usinunue ya tatu kabla ya kumaliza ethi na mwizi wa usiku.

Fyuzi ikikatika weka ya rangi ileile: nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Karatasi ya sigara na nyuzi za waya zilizowekwa badala ya fyuzi zimeunguza magari ninayoyajua.

Kwa Jumamosi hii fanya hivi. Ijumaa jioni safisha vichwa vya betri na ethi ya injini, hata kama ya nyuma itasubiri. Tandika turubai zito chini ya kayabo, pembe zake zipande juu mpaka kwenye kingo za buti, na chini yake weka beseni pana la plastiki, maji ya chumvi yakitoka yabaki humo. Ukirudi kutoka Sengerema fungua kapeti uache pakauke. Ukipeleka gari kuoshwa kandokando ya ziwa, waambie vijana wasipige maji ya presha kwenye injini. Na mpaka umpate anayekula usiku, kila jioni ukishaegesha toa kichwa cha hasi kwa ile spana namba 10, ukiweke pembeni mbali na nguzo. Saa itapotea na redio itasahau stesheni, lakini alfajiri utafika Mwaloni.